Filamu za Wayahudi zina mengi ya kutuambia hapa Ndanai

Ukimuuliza mtu hapa Ndanai ametazama filamu gani ya Wayahudi, aghalabu atakujibu kwamba hajaona hata moja. Huenda jibu hilo si kweli. Filamu ya maisha ya Yesu, ambayo wahubiri wameizungusha kwa magari kutoka soko moja hadi jingine na kuionyesha usiku kwenye shuka jeupe, ilipigwa nchini Israel na kutolewa mwaka 1979. Wengi wa waigizaji wake ni Waisraeli, na mtayarishaji wake, John Heyman, alizaliwa mjini Leipzig katika familia ya Kiyahudi iliyoikimbia Ujerumani ya Hitler. Filamu hiyo imetiwa sauti za lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwamo, na huko vijijini wapo wazee ambao hawakupata kutazama filamu nyingine yoyote maishani mwao.

Basi Myahudi tunayemjua katika nchi hii ya majani chai ni wa aina mbili. Wa kwanza ni yule wa Biblia, mwenye kanzu na fimbo. Wa pili ni yule komandoo wa Entebbe, anayeshuka kutoka ndegeni usiku wa manane, akawaokoa watu wake na kutoweka kabla ya alfajiri. Wa kwanza tunampenda kwa imani. Wa pili tunamstaajabia kwa ushupavu. Hoja yangu leo ni kwamba yuko Myahudi wa tatu katika filamu, naye ndiye amfaaye mwalimu na mwanafunzi kuliko hao wawili. Huyu ni mkimbizi asiye na kitu, shahidi anayelazimika kukumbuka asiyotaka kukumbuka, na raia anayeisuta serikali yake mwenyewe hadharani. Tukimtazama huyo kwa makini tutaona kwamba historia yake imepita karibu sana na yetu, na mahali pengine zimegusana.

Nasema hivi nikielewa kwamba jambo hili lina hisia nyingi kwetu. Wazee wa Kipsigis husimulia kwamba jamii yetu ilitoka Misri, na Kipkoeech araap Sambu aliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuchunguza masimulizi hayo na kumlinganisha Isis wa Wamisri na Asis wetu. Wapo pia wanaopiga hatua zaidi na kudai kwamba sisi ni mojawapo ya makabila yaliyopotea ya Israeli. Sina haja ya kubishana nao hapa. Ninachosema ni kwamba mtu anayemtazama mwenziwe kama jamaa wa kale wa Agano la Kale hupata taabu kumwona kama jirani wa karne hii.

Hebu tuanze na Entebbe, kwa kuwa ndiko wengi walikoanzia. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France iliyotoka Tel Aviv ilitekwa nyara baada ya kupita Athens, na siku iliyofuata ikatua Uganda. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomandoo wa Israel wakaivamia. Mateka zaidi ya 100 waliokolewa na watatu wakauawa katika mapambano yale. Aliuawa pia kamanda Yonatan Netanyahu, kaka yake Benjamin Netanyahu aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, na makumi ya askari wa Uganda. Kabla mwaka huo haujaisha Wamarekani walikuwa wamekwisha kuionyesha filamu ya kwanza kwenye televisheni, Victory at Entebbe. Mnamo Januari 1977 ikafuata Raid on Entebbe, ambamo Charles Bronson aliigiza kama Jenerali Dan Shomron na Peter Finch kama Yitzhak Rabin. Waisraeli nao, chini ya mwelekezi Menahem Golan, wakatengeneza yao mwaka huo huo wa 1977. Jeshi lao likawaazima ndege, na Rabin mwenyewe akaonekana humo. Ya nne, 7 Days in Entebbe, ilitoka mwaka 2018.

Katika hizo nne, ile ya Golan ndiyo yenye msisimko mkubwa na ile ya 2018 ndiyo yenye fikra. Mwelekezi wake, José Padilha wa Brazil, alijaribu kuwasikiliza hata watekaji nyara, na akachanganya vita na ngoma ya kisasa ya Waisraeli. Wakosoaji wengi hawakuipenda ngoma hiyo. Mimi niliona ni afadhali ngoma kuliko risasi zaidi.

Lakini mwalimu wa historia akiwaonyesha wanafunzi wake mojawapo ya filamu hizi, na awaulize swali moja tu: Mwafrika yuko wapi? Watamwona Idi Amin akicheka na kufoka. Watawaona askari wa Uganda wakianguka bila majina, mmoja baada ya mwingine, kama miti shambani. Kenya ni jina la mahali pa kujaza mafuta. Ndege za Israel zilitua Embakasi zikirudi, na kwa ajili hiyo Amin aliwageukia Wakenya waliokuwa Uganda, akawaua kwa mamia. Hao hawana filamu. Dora Bloch, mateka mkongwe aliyekuwa amepelekwa Hospitali ya Mulago, aliuawa baada ya wenzake kuokolewa, na mifupa yake ikapatikana mwaka 1979 baada ya Amin kuangushwa. Bruce MacKenzie, aliyewahi kuwa Waziri wetu wa Kilimo na anayesemekana kuwa ndiye aliyewafungulia Waisraeli milango ya Nairobi, alilipuliwa na bomu ndani ya ndege yake tarehe 24 Mei 1978 akirejea kutoka Uganda. Tena palikuwa na Wayahudi wengine ambao kamera haikuwaona kamwe. Hao ni Abayudaya wa Mbale, wafuasi wa Semei Kakungulu aliyeishika dini hiyo mwaka 1919, ambao Amin aliwapiga marufuku kusali. Myahudi mweusi, Mganda, mkulima, anayejificha ili aiadhimishe Sabato yake, hakupata nafasi hata ya kupita nyuma ya Charles Bronson.

Ajabu ni kwamba filamu iliyompa Mwafrika nafasi zaidi katika kisa hicho ilitengenezwa hapa Kenya. Sharad Patel alitoa Rise and Fall of Idi Amin mwaka 1981, na Mkenya Joseph Olita akamwigiza dikteta huyo kwa namna iliyomfanya atambulike popote alipokwenda hadi alipofariki mwaka 2014. Filamu yenyewe ina damu nyingi na busara kidogo. Siipendekezi kwa watoto. Ila Olita anastahili kukumbukwa na kila mwanafunzi wa maigizo.

Entebbe ilitufuata hadi nyumbani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1980 bomu lililipua Hoteli ya Norfolk jijini Nairobi, likaua watu zaidi ya kumi na tano. Hoteli hiyo ilikuwa mali ya familia ya Block, Wayahudi waliofika nchini mapema katika karne ya ishirini, na wengi waliliona shambulio hilo kuwa kisasi kwa msaada wa Kenya mwaka 1976. Naitaja Norfolk kwa sababu hoteli hiyo hiyo imo katika filamu ambayo, kwa maoni yangu, kila mwalimu wa Kiswahili na wa historia katika nchi hii angeitazama kabla ya nyingine zote.

Filamu hiyo ni Nirgendwo in Afrika, ya mwelekezi Mjerumani Caroline Link. Ilitolewa mwaka 2001, na mnamo Machi 2003 ikatunukiwa Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Ilipigwa hapa Kenya, na sehemu ya mazungumzo yake ni Kiswahili. Najiuliza mara kwa mara ni Wakenya wangapi wanajua kwamba lugha yao ilipanda jukwaa lile. Hadithi yake ilitokana na kitabu cha Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya mwaka 1938 akiwa mtoto wa miaka sita hivi na kurudi Ujerumani mwaka 1947.

Kisa chenyewe ni hiki. Walter Redlich, wakili Myahudi aliyenyang'anywa kazi na sheria za Hitler, anakuja Kenya na kuajiriwa kusimamia shamba la mlowezi. Mkewe Jettel anamfuata na binti yao Regina. Mume amemwomba alete jokofu. Yeye ananunua gauni la karamu. Anashuka na vyombo vya udongo vya thamani mahali pasipo na maji ya kutosha ya kuviosha. Mwanzoni hataki kujifunza Kiswahili, na anamtolea mpishi Owuor amri kwa Kijerumani kana kwamba mwenye makosa ni Owuor asiyeelewa. Mtoto ndiye anayeelewa kwanza. Regina anajifunza lugha jikoni na kwenye moto wa wachungaji, na katika muda wa msimu mmoja anakuwa mkalimani wa wazazi wake.

Owuor aliigizwa na Sidede Onyulo, Mkenya. Sijaona katika filamu ya wageni kuhusu Kenya mtumishi wa nyumbani aliyepewa hadhi kama hiyo. Anamuuguza Walter anapougua malaria, na Walter, asiye na fedha, anampa joho lake la uwakili. Owuor analivaa. Hapo mtazamaji anatambua jambo ambalo filamu haikulisema kwa mdomo: mwenye joho hana tena nchi ya kulivalia, na aliyelipokea hana mahakama itakayomsikiliza. Vita vilipozuka mwaka 1939, Waingereza waliwakamata wakimbizi hawa kama maadui kwa sababu tu walikuwa na pasipoti za Ujerumani. Katika filamu wanaume wanapelekwa kambini, na wanawake na watoto wanafungiwa Norfolk, wakila vyakula vya kitajiri chini ya ulinzi. Myahudi aliyemkimbia Hitler akafungwa kwa kuwa Mjerumani! Mwalimu wa uraia asiyeweza kufundisha kipindi kizima kwa kisa hicho kimoja itambidi ajiulize anafundisha nini.

Hata hivyo, tusiitazame kwa macho ya mgeni. Filamu haiulizi shamba lile lilikuwa la nani kabla ya mlowezi. Maskini Walter ni mhanga Ulaya, lakini hapa anasimamia kibarua wa Kiafrika kwenye ardhi iliyochukuliwa. Mambo hayo mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na darasa la kidato cha tatu linaweza kabisa kuyabeba yote mawili. Kiswahili chake nacho ni funzo: sikilizeni jinsi bwana na bibi wanavyozungumza kile kisetla cha amri tupu, kisha msikilize jinsi Owuor anavyojibu. Natoa tahadhari moja kwa walimu: zipo sehemu chache za mapenzi ya watu wazima, kwa hiyo mtazame ninyi kwanza.

Uhusiano wa Wayahudi na ardhi yetu haukuanzia kwa Walter. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kwa ushauri wa Waziri wa Makoloni Joseph Chamberlain, iliwapa Wazayuni eneo la Uasin Gishu ili Wayahudi waliokuwa wakiuawa Urusi wapate makao. Theodor Herzl aliupeleka mpango huo kwenye mkutano wa Basel mwezi Agosti, na wajumbe 295 dhidi ya 178 wakakubali tume itumwe kuchunguza. Watu watatu walifika uwandani mapema mwaka 1905. Taarifa yao haikuvutia, na mkutano wa mwaka huo ukaukataa mpango. Hakuna aliyewauliza Wanandi wala Wamaasai waliolisha mifugo pale. Laiti kura ile ingekwenda upande mwingine, leo vita vya Mashariki ya Kati vingesomwa katika ramani ya Eldoret.

Mwaka huo wa 1905 ni mwaka mzito kwetu. Ndio mwaka ambao majeshi ya kikoloni yaliishambulia Sotik kwa kisingizio cha ng'ombe wa Wamaasai, na wanaodai fidia wanataja waliouawa kuwa zaidi ya 1,800. Na ndio mwaka ambao, tarehe 19 Oktoba, Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei kwa hila katika mkutano wa amani. Jina hilo la Meinertzhagen mwanafunzi wa historia ya Kenya analijua. Pengine asilolijua ni kwamba mtu huyo huyo alikuja kuwa ofisa mkuu wa siasa wa jeshi la Uingereza huko Palestina baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na mmoja wa Waingereza waliowapigania Wazayuni kwa bidii kubwa. Yumo hata katika filamu. The Lighthorsemen ya Australia, iliyotolewa mwaka 1987 kuhusu vita vya Beersheba vya 1917, inamwonyesha kama mwerevu aliyewahadaa Waturuki kwa mkoba wa nyaraka za uongo. Mtazamaji wa Sydney anashangilia hila ile. Mtazamaji wa Nandi au wa Ndanai anakumbuka hila nyingine.

Nilisema Myahudi wa tatu ni pamoja na yule anayejisuta. Kabla ya kumfikia, tupite Ethiopia na Sudan, maana huko pia damu yetu ya Afrika Mashariki imo. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 Waisraeli walisafirisha Wayahudi wa Ethiopia wapatao 8,000 kutoka kambi za Sudan. Filamu ya Radu Mihaileanu, Va, vis et deviens, ya mwaka 2005, inamfuata mtoto mmoja aliyekuwa humo kambini. Huyo si Myahudi. Ni Mkristo, na mama yake anamsukuma ajiunge na wanaoondoka ili apate kuishi. Anakua Israel akiwa na jina lisilo lake, akimficha kila mtu siri yake, huku wazazi wa wanafunzi wenzake wakimnong'ona kwa sababu ya rangi. Niliitazama mara mbili. Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 2019, tukio hilo la kuwatoa watu Sudan lilitengenezewa filamu nyingine, The Red Sea Diving Resort, yenye majasusi wenye vifua vipana na Waethiopia wa kuokolewa tu. Mwalimu aonyeshe dakika kumi za kila moja, na somo la uhakiki litakuwa limejifundisha lenyewe.

Kwa walimu wa msingi ipo filamu fupi ya hali halisi, Strangers No More, iliyopata Oscar mwaka 2011. Ina dakika 40 tu. Inahusu shule ya Bialik-Rogozin mjini Tel Aviv, yenye watoto kutoka nchi 48, miongoni mwao watoto wakimbizi wa Darfur. Walimu wanaanza na mtoto asiyejua hata neno moja la Kiebrania na asiyewahi kushika kalamu. Sina budi kuongeza kwamba serikali ya nchi hiyo hiyo imekuwa ikiwabana wakimbizi wa Sudan na Eritrea wanaotafuta hifadhi, na shule njema haifuti jambo hilo.

Sasa kwa wanaojisuta. Ari Folman alikuwa askari kijana wa Israel nchini Lebanon mwaka 1982, wakati wanamgambo walipowaua Wapalestina katika kambi za Sabra na Shatila huku jeshi la Israel likiwa limezizingira. Filamu yake ya michoro, Waltz with Bashir, ya mwaka 2008, ni ya mtu anayewatembelea wenzake kuwauliza: mimi nilikuwa wapi siku ile? Dror Moreh, katika The Gatekeepers ya mwaka 2012, aliwaketisha mbele ya kamera wakuu sita wa zamani wa idara ya usalama wa ndani, nao wakaeleza kwa vinywa vyao namna walivyoua, walivyokosea, na kwa nini waliona utawala wa kijeshi juu ya Wapalestina hauna mwisho mwema. Jiulizeni kama mnaweza kuwawazia wakuu sita wa zamani wa usalama wa Kenya wakizungumza hivyo kuhusu Nyayo House au Wagalla.

Na ipo No Other Land, iliyotengenezwa kwa pamoja na Wapalestina na Waisraeli na kutunukiwa Oscar mwezi Machi 2025. Inaonyesha mabuldoza yakibomoa nyumba za wakulima na wafugaji wa Masafer Yatta katika Ukingo wa Magharibi. Wako wasomaji ambao hawatataka filamu hiyo itajwe, hasa baada ya mauaji ya tarehe 7 Oktoba 2023, ambayo pia yaliwapokonya wenzetu wa Tanzania wanafunzi wawili wa kilimo waliokuwa mafunzoni mashambani Israel. Huzuni hiyo ni ya haki. Waliouawa Gaza tangu siku ile, makumi kwa makumi ya maelfu, nao ni wa kuhuzunikiwa. Lakini sisi wa Bomet si wageni wa picha ya mama aliyekaa kando ya vyombo vyake huku paa la nyumba yake likishuka. Mwaka 2018 na 2019 familia zilizofukuzwa katika msitu wa Mau zilikaa barabarani hivyo hivyo, iwe serikali ilikuwa na sababu za kutunza chemchemi za mito au la. Anayesema filamu ile haituhusu hakupita Mau miaka hiyo.

Kuhusu mifululizo ya televisheni nitasema kidogo. Fauda, iliyoanza mwaka 2015, inasifiwa kote duniani kwa kuwa wahusika wake huzungumza Kiebrania na Kiarabu. Ni ya kusisimua, na ni ya bunduki mwanzo hadi mwisho. Wanafunzi wetu wanazo bunduki za kutosha kwenye skrini. Shtisel, ya mwaka 2013, ni bora mara kumi. Haina mlipuko wala mauaji. Ni familia ya watu wa dini sana mjini Yerusalemu: baba mjane, mwalimu wa shule ya wavulana, anayetaka kumwoza mwanawe, na mwana anayependa kuchora picha kuliko kuoa. Posa, washenga, heshima kwa mzee hata anapokosea, chakula cha jirani kinapokuja na masengenyo yake. Mtu wa Ndanai ataelewa kila kitu isipokuwa kofia.

Nimeiacha ya mwisho iliyo kubwa kuliko zote, Shoah, ya Claude Lanzmann, iliyotoka mwaka 1985. Inachukua zaidi ya saa tisa, na ilimchukua mwelekezi zaidi ya miaka kumi. Inahusu mauaji ya Wayahudi milioni sita, lakini humo hamna hata picha moja ya zamani. Hakuna maiti. Hakuna Hitler akihutubia. Wamo watu wazima wakisema, na mahali palipotokea mambo pakiwa pamekua nyasi. Mwanahistoria mmoja anasoma ratiba ya treni, mstari kwa mstari, mpaka unatambua kwamba zile namba ni watu. Kinyozi Abraham Bomba, aliyelazimishwa kuwanyoa wanawake waliokuwa wakipelekwa kufa Treblinka, anahojiwa akiwa anamnyoa mteja, mkasi ukienda. Katikati ya kisa anashindwa kuendelea na kuomba aachwe. Lanzmann hamwachi. Mimi nisingethubutu kumshurutisha mzee namna ile, na sidhani mwanafunzi wetu afundishwe hivyo. Ila maswali ya Lanzmann ni ya kujifunza: yalikuwa madogo mno. Ilikuwa saa ngapi? Gari lilikuwa na rangi gani? Kulikuwa na baridi?

Hapo ndipo ninapotaka walimu wa Kericho na Bomet wanielewe. Kila mwaka shule zetu huingia katika mashindano ya kitaifa ya drama na filamu, na hutafuta visa vya kuigiza. Kisa kiko mlangoni. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo uliotokana na ndugu zake Koitalel, ikawatoa Kericho na kuwatupa Gwassi, kando ya ziwa, penye mbung'o na malaria. Walikuwa watu wapatao 700, wazee kwa watoto. Hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1962, na waliporudi, ardhi nzuri ya milimani ilikuwa ya makampuni ya chai. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walilitaja jambo la Wakipsigis na Watalai mwaka 2021 wakisema waathiriwa na vizazi vyao wanapita nusu milioni, na mwaka 2022 kesi ikapelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mawakili wana majalada yao. Filamu inayowaketisha chini wale waliozaliwa Gwassi na kuwaacha waseme kwa lugha yao wenyewe, kwa saa nyingi kama zitakavyohitajika, mimi sijaiona.

Haihitaji fedha nyingi. Simu ya mwalimu inatosha, pamoja na kijana wa kuishika bila kutikisika na mwingine wa kuandika tafsiri ya Kiswahili chini ya picha. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi safari ya kurudi mwaka 1962 sasa amevuka sabini, na wenzake wanapungua kila msimu wa mvua. Mwanafunzi atakayekwenda kwake asianze kwa kumuuliza anaonaje dhuluma ya ukoloni. Mzee atajibu kama gazeti. Amuulize mama yake alimsimulia nini kuhusu asubuhi ile ya kuhamishwa. Lori lilikuja saa ngapi, na nani alikuwa bado analala? Mzigo gani ulikataliwa kupakiwa? Ng'ombe waliachiwa nani? Maji ya ziwa yalikuwa na ladha gani kinywani mwa mtu aliyezoea mito ya baridi ya Kericho? Nani alikuwa wa kwanza kuugua, na alizikwa upande gani wa nyumba? Na siku ya kurudi, nyumba yao ya zamani waliitambua kwa mti gani?